Bei ya Pembe kwa Frasila

Profesa Abdul Sheriff, mzaliwa wa Unguja, alimaliza tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha London mwaka 1971. Kitabu kilichotokana nayo, Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, kilitoka mwaka 1987. Miaka 16 hiyo naiona ndani ya kurasa zake.

Historia ya Unguja ya karne ya 19 ilizoeleka kuanzia kwa Seyyid Said, sultani wa Omani: kahamia Unguja, kaamuru mikarafuu ipandwe. Sheriff alianzia kwenye bei. Alipekua barua za wafanyabiashara wa Salem, Marekani, taarifa za mabalozi wa Kiingereza na hesabu za biashara za Bombay, akichambua humo frasila (kipimo cha uzito) ya pembe za ndovu iliuzwa kiasi gani mwaka huu na mwaka ule. Kazi hii inachosha macho. Aliyeandika barua alitaka tu tajiri wake ajue kama merikani, nguo ya pamba ya Kimarekani, imetoka. Bei moja haisemi kitu. Zikipangwa mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha pembe ikipanda kwa miongo kadhaa, huku nguo za viwandani zikisimama palepale au kushuka. Faida ya matajiri wa mjini ilikuwa katika pengo hilo. Tembo walipopungua karibu na pwani, bado ililipa kugharamia msafara hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu Ulaya na Marekani walitaka vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi.

Kwa watumwa alitumia subira ileile, na hapa ndipo ninapomstahi zaidi. Alionyesha kwamba mkataba wa 1822 na Waingereza ulipobana soko la watumwa la ng'ambo, waliotekwa hawakuachwa huru. Waligeuzwa kuwa nguvukazi ya mashamba ya karafuu, Unguja na Pemba. Yeyote anayeusifia uzuri wa mashamba yale inafaa aisome sura inayoeleza hayo.

Miaka ya 1990 alirudi nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kushika kazi ya makumbusho. Alizigeukia pia kuta za Mji Mkongwe. Alichunguza misikiti, mingine haina hata mnara na mpita njia huidhania nyumba ya kawaida: nani aliujenga huu, wa madhehebu gani, mfanyabiashara au mwenye mashamba? Majibu yake yalimpa ramani ya matabaka ya mji, mtaa kwa mtaa.

Lakini ninachokithamini kuliko vyote kimo kwenye viambatisho vya kitabu cha 1987, kurasa ambazo wasomaji wengi hawazifikii. Bei zenyewe ameziorodhesha hapo, za pembe, za karafuu na za merikani, kuanzia mwanzo wa karne ya 19 hadi miaka ya 1870, ili anayetaka kumbishia asianze na maneno matupu.