Maktaba inayojua kungoja rezo tu

Bandugu wahitimu, leo natoa maoni juu ya chombo ambacho wengi wetu wa informatiki tunakitumia bila kukichungulia ndani: AWS IoT Device SDK ya Python, toleo la kwanza, ambalo bado nalikuta katika miradi mingi ya wanafunzi. Ni maktaba ya msimbo unayoiingiza katika programu yako ili kifaa kidogo, tuseme kipima-joto, kiweze kusema na wingu la Amazon kwa njia ya MQTT.

Sifa zake zipo. Imejengwa juu ya Paho, msimbo ulio wazi kwa wote. Rezo ikikatika haichanganyikiwi: inajaribu tena kisha ya sekunde 1, inaongeza muda pole pole hadi sekunde 32, isiichokoze seva bure. Ujumbe uliokosa njia unapangwa foleni, na ukiandika -1 foleni haina kikomo. Mutu akisoma hapo anapumua: sawa, kitu hakitapotea.

Kitapotea. Foleni ile inakaa katika RAM tu. Kifaa kikizimika, foleni nayo imekwisha.

Chukua frigo ya chanjo katika kituo cha afya. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Umeme unakatika saa mbili ya usiku, modemu inazimika, rezo hakuna. Kifaa chenyewe kina batri ndogo, kinaendelea kupima kila dakika. Saa nane ya usiku batri inaisha. Vipimo 360, vyote kwaheri. Asubuhi umeme unarudi, kifaa kinatuma digrii 11, kisha 9, kisha 5. Muuguzi anaona kwamba joto lilipanda. Lilifika ngapi, na kwa saa ngapi? Hayo maswali mawili ndiyo yanaamua kama chanjo zitumike ao zitupwe, na saa zilizopotea ndizo zilikuwa na jibu.

Hata batri ikivumilia, kuna jambo lingine. Ujumbe wa MQTT haubebi saa yake. Foleni ikifunguka, kwa kawaida ujumbe 2 kila sekunde, zile saa sita za usiku zinaingia kwa dakika tatu. Usipoandika saa ya kipimo wewe mwenyewe ndani ya ujumbe, wingu litajua paka saa ya kufika.

MQTT yenyewe ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper, kwa kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia satelaiti. Shida yao ilikuwa rezo dhaifu na ya bei kali. Maktaba hii imerithi woga uleule, na juu ya umeme haina la kusema. Kwa nyumba ya Seattle pengine inatosha. Kwetu umeme na rezo vinaondoka pamoja, kama mapacha.

Dawa yake si ngumu: andika kila kipimo kwanza katika SQLite kwenye kadi ya kumbukumbu, pamoja na saa yake, kisha tuma kwa publishAsync, na usifute mpaka ackCallback ithibitishe kwamba kimepokelewa. Wanaojitayarisha kutetea kazi ya mwisho, mbele ya juri chomoeni rezo, ngojeni dakika kumi, chomoeni na batri. Kisha washeni, tuhesabu pamoja.