Bibi na Aprikoti Zilizoanguka

Bibi wa miaka 66, amejipamba utadhani anakwenda harusini, anakata njia ya shamba. Ametumwa. Mjukuu wake na wenzake watano wamembaka mwanafunzi mwenzao, na binti wa watu akajitupa mtoni. Wazazi wa wavulana wanachanga won milioni 5 kila familia ili mambo yaishe kimyakimya, na bibi ndiye wa kwenda kumlainisha mama wa marehemu. Njiani anaokota aprikoti iliyoanguka, anaionja. Anamkuta mama yule shambani. Wanazungumzia mavuno na utamu wa matunda yaliyodondoka. Anaaga. Hatua chache mbele, uso unambadilika: amesahau kilichomleta!

Hiyo ni Poetry, filamu ya mwongozaji wa Korea Kusini, Lee Chang-dong, iliyopata tuzo ya skripti bora katika tamasha la Cannes mwaka 2010. Bibi ana dalili za kwanza za ugonjwa wa kusahau. Tena amejiunga na darasa la ushairi, ambako mwalimu amewashikia tofaa na kuwauliza kama wamewahi kulitazama kweli. Je, alisahau kwa maradhi, au kwa kuwa siku ile macho yake yalikuwa ya mshairi? Lee hasemi. Mwandishi mwingine angempa bibi hotuba na machozi; yeye kampa tunda.

Nadhani huo ni mkono wa mtu aliyewahi kuwa mwalimu. Lee, mzaliwa wa Daegu mwaka 1954, alifundisha Kikorea sekondari na kuandika riwaya kabla ya kugusa filamu, akikaribia miaka 40. Tangu Green Fish ya 1997 hadi Burning ya 2018 alitoa filamu sita tu (katikati aliwahi hata kuwa waziri wa utamaduni). Burning inajivuta kidogo, sikatai. Lakini Peppermint Candy! Mtu anaikabili treni relini, kisha hadithi inarudi kinyumenyume miaka 20, ikipitia Gwangju ya Mei 1980, askari walikoua raia, mpaka tunamkuta akiwa kijana asiye na doa. Tunajua yatakayomfika, yeye hajui. Kupanga matukio hivyo kunauma kuliko risasi.

Kama humjui Lee, anza na Poetry. Simu iweke mbali, wala usingoje muziki wa kukuonyesha pa kulia. Hakuutia.