Akiba Inayooza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi, nami niliamini hivyo kupita kiasi. Wanafunzi wangu walikwenda kwa wazee, pande za Kitui na Makueni, wakanasa hadithi za Kikamba kwa simu. Sauti zote tulizitia katika diski ngumu moja, tukazifuta simuni ili kupata nafasi, kisha tukaifungia diski kabatini. Baada ya likizo tuliichomeka katika kompyuta, ikakwaruza, ikanyamaza. Wawili katika wazee wale walikuwa wamekwisha fariki.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa maandishi yasiyo ya fasihi, nayo ni hesabu za Backblaze, kampuni ya Marekani iwekayo akiba za kompyuta za watu. Tangu mwaka 2013 imekuwa ikitangaza idadi ya diski zinazokufa katika vyumba vyake. Mwaka 2023 zilikufa kama 17 katika kila 1,000. Maandishi haya yastahili sifa, maana ni wachache watangazao hasara zao, tena kwa kutaja aina ya kila diski. Lakini msomaji asiyejihadhari hujidanganya nayo. Huona 17 ni haba, akalala usingizi. Husahau kwamba hiyo ni hesabu ya mwenye diski zaidi ya laki mbili, ambaye moja ikifa huweka nyingine mahali pake, na hapotezi kitu kwa kuwa mali imegawanywa katika nyingi. Mwenye diski moja hana sehemu ya elfu: anayo, au hana.

Wala asingoje onyo. Wachunguzi wa Google waliotazama diski zaidi ya 100,000 walieleza mwaka 2007 kwamba zaidi ya theluthi ya zilizokufa hazikuonyesha dalili yoyote katika vipimo vyake vya ndani, ukiacha kipimo cha joto.

Je, turudi kwenye vitabu? Lindblom wa Sweden alifika Ukambani mwaka 1911, na ngano alizokusanya zilichapwa kwa sehemu kati ya 1928 na 1935. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitoa kitabu chake cha Akamba Stories mwaka 1966. Twaweza kuvilaumu vitabu hivi kwamba vimenyamazisha sauti: hatusikii msimulizi aliposita, wala wasikilizaji walipoitikia. Hapo diski yakishinda kitabu, tena mbali sana. Ila kitabu kilitoka kiwandani nakala nyingi, zikatawanyika. Nakala moja ikiliwa na mchwa, nyingine iko rafuni kwingine. Kwa hiyo simlaumu mtengenezaji wa diski yetu. Tulipozifuta simu, diski ile haikuwa tena akiba. Ilikuwa asili yenyewe, nasi tuliendelea kuiita akiba.

Muhula uliofuata tulimrudia mzee mmoja wa karibu na Wote, tukamwomba asimulie tena. Alicheka, akakubali. Safari hii sauti yake iliwekwa katika diski mbili, moja shuleni na moja kwangu, na nakala ya tatu katika simu ya mjukuu wake. Lakini mwanafunzi aliyemsikiliza mara ya kwanza alininong'oneza kwamba hadithi imebadilika: mara ile zimwi liliuawa mtoni, na leo limetoroka.