Blauzi ya Pamba Iliyofumwa kwa Mkono: Namna ya Kuijua Iliyo Bora

Uzi wa pamba uliopakwa rangi kwa mkono huuza nguo kabla mnunuzi hajaigusa. Lakini blauzi ya msimu wa joto iliyofumwa kwa uzi huo hujulikana ubora wake ikishafuliwa na kuvaliwa. Mwenye jicho huzisoma dalili mapema, katika mambo manne.

Uzi. Sufu ina mawimbi ya asili, ukiivuta hurudi. Pamba ukiivuta hubaki ilipofika. Kwa hiyo tafuta uzi uliosokotwa kwa kukaza, wenye nyuzi kadhaa zilizopotwa pamoja. Usugue kwa kidole gumba: ukianza kutoa vinyweleo mkononi, utachakaa upesi mwilini. Uzi unaong'aa kidogo mara nyingi umepitishwa katika soda kali, njia iliyoanzishwa na John Mercer wa Uingereza mwaka 1844. Uzi huo ni imara zaidi na hunywa rangi vizuri.

Rangi. Kwa pamba, chagua rangi zinazoungana na uzi kikemia, aina iliyoingia sokoni mwaka 1956. Hushikishwa kwa magadi soda, ile ile inayotengenezwa kutokana na magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, kisha uzi husuuzwa mpaka maji yatoke safi. Fundi akiharakisha hatua hiyo ya mwisho, rangi itachuja. Paka maji kitambaa cheupe, ukisugue kwenye sehemu iliyokolea zaidi, hasa nyekundu au buluu. Kikitoka na doa, iache nguo hiyo.

Ufumaji. Vitita viwili vya uzi vilivyopakwa rangi siku moja, katika beseni moja, bado hutofautiana. Fundi makini hufuma kwa vitita viwili kwa zamu, mistari miwili kwa kimoja, miwili kwa kingine. Asipofanya hivyo, utaona mstari pale kitita kipya kilipoanza. Tazama pia kwapani na shingoni, mahali upana unapobadilika: huko ndiko rangi hupenda kujikusanya na kufanya mabaka. Rangi zikiendelea kutawanyika vizuri hapo, umepata kazi ya mtu anayejua.

Umbo. Hapa ndipo nguo nyingi nzuri huangukia. Pamba ni nzito, na ikilowa huwa nzito zaidi, hivyo blauzi nene hujivuta yenyewe kuelekea magotini. Iliyo bora ni ya uzi mwembamba, yenye matundu ya kupitisha hewa. Mabega yake yana mshono halisi wa kubeba uzito, na shingo imezungushiwa ukingo wa kroshia usiolegea. Ishike mabegani, uiache ining'inie, na uangalie kama mabega yanatanuka.

Mwisho, mwombe fundi akuonyeshe kipande cha majaribio alichofua na kukianika kikining'inia kabla ya kuanza kufuma. Kipande cha sentimita 10 kikirefuka kufikia 11, blauzi ya sentimita 60 itafikia 66, na fundi aliyepima hilo amelipangia tangu mwanzo. Ukimpata mwenye kipande hicho, usimkandamize bei. Mlipe anachostahili, kwa sababu nguo yake utaivaa kiangazi hiki na vingine vingi vitakavyofuata.