Bati Linapolia: Kupima Hulka ya Mbwa Kamembe

Mtu wa Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi magharibi mwa Rwanda, akitaka kujua mbwa wa jirani ni wa namna gani, huuliza swali moja tu: anauma? Ana haki ya kuuliza. Lakini katika kupima hulka ya mbwa, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kulitabiri, na Waswidi, waliopima maelfu kwa maelfu ya mbwa, wametuonyesha ugumu wenyewe uko wapi.

Jaribio lao lilianzishwa mwaka 1989 na chama cha mbwa wa kazi cha Sweden. Mbwa hupitishwa vituo kumi. Mgeni anamsalimia na kumshika mwili; anachezeshwa; kitu kinakimbizwa mbele yake; mnyororo unaburutwa juu ya bati; watu wawili waliojifunika shuka nyeupe wanamjia polepole; mwisho bunduki inalia. Kila anachofanya kinapewa alama kuanzia 1 hadi 5. Mpimaji haandiki kwamba mbwa ni mkali au mpole. Anaandika alichokiona kwa macho.

Kituo kinachofundisha zaidi ni cha ovaroli. Mbwa anatembea na mwenye mbwa, na ghafla ovaroli iliyolazwa chini inavutwa, inasimama mbele yao mfano wa mtu. Mwenye mbwa anaachia kamba na kukaa kimya. Karibu kila mbwa hushtuka, na kushtuka si kosa. Kinachopimwa ni kinachofuata. Mmoja anakwenda peke yake kuinusa. Mwingine anangoja mpaka bwana wake atangulie. Wa tatu, hata bwana wake akichuchumaa kando ya ile nguo na kumbembeleza, hasogei. Kisha wanapita pale tena mara kadhaa, ili ijulikane kama hofu imeisha au imebaki.

Mwaka 2002, Kenth Svartberg na Björn Forkman walichambua alama za mbwa 15,329 wa aina 164. Zilijikusanya katika mafungu matano: uchezaji, udadisi usio na woga, hamu ya kufukuza, urafiki kwa wageni, na ukali. Mwaka 2005 Svartberg akalinganisha alama za namna hiyo na majibu ya wenye mbwa 697 kuhusu maisha ya kila siku. Uchezaji, udadisi na urafiki vilifuatana na tabia za nyumbani. Hamu ya kufukuza na ukali havikufuatana nazo. Kwangu mimi hii ni habari nzito: jaribio lililopangwa kwa uangalifu namna ile lilimjua mbwa mwoga, lakini halikumjua mwenye kuuma.

Kwa hiyo ukali tuutafute pale unapozuka: penye chakula, getini jioni, mbwa anaposhikwa mahali panapouma. Asichokozwe ili aonekane. Waulizwe wanaoishi naye, na watoto waulizwe kwanza, maana wao ndio humkaribia zaidi.

Woga na urafiki, Rusizi inavipima bure. Mvua inapiga bati, pikipiki zinapanda mlima, mwavuli unafunguka usoni, kina mama wanashuka kuelekea mpaka wa Bukavu, Kongo, na mizigo kichwani. Mfunge mbwa kamba, simama naye mbali kiasi kwamba anaviona vyote lakini bado anapokea kipande cha chakula mkononi mwako. Akikataa chakula anachokipenda, mmesogea mno. Tazama mkia uliobanwa, midomo inayolambwa bila chakula, mwili unaoganda ghafla. Halafu hesabu muda anaochukua kutulia. Rudia siku nyingine, saa nyingine. Siku moja haimtoshi mnyama yeyote.

Lipo jambo ambalo karatasi ya Sweden haina. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walikula maiti za waliouawa, na askari wakawapiga risasi. Wapo walioshuhudia hayo wakiwa watoto, na leo wanapita njia hizi hizi. Wapo pia Waislamu wanaokwenda kuswali ambao hawataki kuguswa na mate ya mbwa. Mbwa anayemrukia kila mpita njia kwa furaha angepata alama za juu za urafiki kule; hapa mimi simhesabu kuwa amefaulu. Anayefaulu ni yule anayemwona mtu, akamtazama, akamwacha apite.

Na mbwa aliyekuwa mtulivu kisha akabadilika ghafla, akaanza kuuma ovyo, kutokwa mate au kushindwa kumeza, huyo si wa kupimwa hulka. Huenda ana kichaa cha mbwa. Atengwe bila kushikwa kwa mikono, aitwe daktari wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo.