Mfumo wa Mwili na Neno la Mgonjwa: Uhakiki wa Mbinu ya Kujifunza Istilahi za Tiba kwa Mifumo, kwa Kurejelea Kipatimu na Pwani ya Lindi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mbinu ya kujifunza istilahi za tiba kwa kufuata mifumo ya mwili, mbinu iliyozoeleka katika vyuo vya afya na ambayo imejengwa juu ya mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii inakifaa Kiswahili, lakini ikihamishwa bila kurekebishwa huyafuta maneno yaleyale ambayo mgonjwa huja nayo hospitalini. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa maneno ya maradhi yanayotumika pwani ya Lindi, hususani mshipa, busha, mtoki na degedege. Makala yanapendekeza kwamba mfumo wa mwili ubaki kuwa kitengo cha kufundishia, na neno la mgonjwa lipewe hadhi ya kiingilio ndani ya mfumo.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa utabibu huyapata majina ya maradhi kwa kupitia mifumo ya mwili: mmeng'enyo wa chakula, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, mkojo, uzazi na mingineyo. Kila mfumo huja na mizizi yake. Akishajua kwamba hepat- ni ini, nephr- ni figo na gastr- ni mfuko wa chakula, kisha akajua kwamba -itis ni hali ya kiungo kuvimba, kupata joto na kuuma, na -ectomy ni kukata na kuondoa, anaweza kufasiri neno ambalo hajawahi kulisikia. Kwa mbinu hii, mofolojia hufanya kazi ambayo kumbukumbu peke yake isingeiweza.

Kipatimu, katika vilima vya Matumbi wilayani Kilwa, ni mahali panapofaa kuipima mbinu hiyo. Pana hospitali ya misheni, na lugha ya kwanza ya wenyeji wa vilima hivyo ni Kimatumbi, ambayo katika uainishaji wa Guthrie ina msimbo wa P13. Tabibu anayepangiwa kazi huko amefundishwa kwa Kiingereza, huandika katika jalada la mgonjwa kwa Kiingereza, huuliza kwa Kiswahili, na pengine hujibiwa na bibi kwa Kimatumbi kupitia kinywa cha mjukuu. Katika safari hiyo ya lugha tatu, swali la kiisimu ni hili: je, mpangilio wa istilahi aliofundishwa tabibu unamwandaa kulipokea jibu la bibi, au unamwandaa kuandika jalada tu?

2.0 Utaratibu uliomo katika Kiswahili

Wapo wanaodai kwamba mbinu ya mifumo haiwezi kutumika katika Kiswahili kwa sababu lugha hii haina utaratibu wa viambishi vya kitabibu. Dai hilo halina msingi. Tuangalie kwanza ngeli ya KI-VI: kifafa, kiharusi, kisukari, kichocho, kipindupindu, kisonono, kifaduro, kichomi, kiungulia, kizunguzungu. Baadhi ya maneno haya yana unyambulishaji ulio wazi, kama kichomi kutokana na choma, au kiungulia kutokana na ungua. Mengine ni nomino za mkopo zilizovishwa kiambishi, kama kisukari. Ngeli hii haina mipaka mikali kama -itis, lakini inatosha kumdokezea msikilizaji kwamba kinachotajwa ni hali ya ugonjwa.

Pili, kuna muundo wa homa ya unaofuatwa na jina la kiungo: homa ya ini, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo. Huu ndio muundo unaoikaribia zaidi kazi ya -itis, kwa kuwa unataja kiungo na kuashiria kwamba kimeshambuliwa. Hapa ndipo mpangilio wa mifumo unapotusaidia kuona kasoro ambayo mpangilio wa alfabeti huificha. Katika kamusi, miundo yote ya homa ya hupangwa mahali pamoja kana kwamba ni ya aina moja. Tukiigawa kwa mifumo, tunagundua kwamba homa ya matumbo ni taifodi, maradhi yanayosambaa mwili mzima; homa ya manjano imepewa jina kwa rangi inayoonekana machoni; na homa ya ini imepewa jina kwa kiungo. Aidha, homa ya manjano nayo hulidhuru ini, lakini jina lake halisemi hivyo. Muundo mmoja wa kisarufi unabeba mahusiano matatu tofauti ya kimaana.

Athari yake si ya kinadharia tu. Mtu mwenye homa ya ini ya aina B iliyo sugu anaweza kukaa miaka mingi bila joto la mwili kupanda. Neno homa, ambalo kwa msemaji wa kawaida ni joto, humpa sababu ya kulikataa jibu la maabara. Anaposema kwamba hana homa, anaisoma istilahi kwa usahihi kabisa. Istilahi yenyewe ndiyo iliyokosea.

3.0 Mshipa: neno moja katika mifumo minne

Udhaifu wa mbinu ya mifumo unajitokeza waziwazi katika neno mshipa. Katika mfumo wa mzunguko wa damu, mshipa ni njia ya damu, iwe ateri au vena. Katika mfumo wa fahamu, mshipa wa fahamu ni neva. Katika mazungumzo ya kila siku, hata ukano unaokaza shingoni huitwa mshipa, na hivyo neno likaingia katika mfumo wa misuli na mifupa. Tena, pwani mshipa ni ugonjwa wenyewe: maumivu au uvimbe wa kinena na korodani, ambao kwa uchunguzi wa kitabibu unaweza kuwa ngiri au busha.

Mpangilio wa alfabeti hulikusanya neno hili katika kitomeo kimoja chenye maana kadhaa. Mpangilio wa mifumo hufanya kinyume chake. Katika sura ya damu huwekwa ateri, vena na kapilari. Katika sura ya fahamu huwekwa neva. Katika sura ya misuli huwekwa kano. Katika sura ya uzazi huwekwa busha. Kila dhana imepata istilahi yake, kama kanuni za uundaji wa istilahi zinavyotaka, lakini mshipa limetoweka. Mwanafunzi anaweza kuimaliza mifumo yote na kufaulu mtihani bila kukutana na neno ambalo mgonjwa wake wa kwanza atalitamka.

Hasara yake inapimika kwa saa. Mkulima anayesema kwamba mshipa umemkamata tangu usiku anaweza kuwa na busha alilokaa nalo miaka kumi. Anaweza pia kuwa na ngiri iliyonasa, ambapo sehemu ya utumbo imebanwa na kukosa damu. La kwanza linasubiri ratiba ya upasuaji, la pili halisubiri kesho. Tofauti hiyo haipatikani katika neno mshipa lenyewe. Inapatikana katika swali linalofuata: je, uvimbe ulikuwa ukirudi ndani ulipolala, na sasa umekataa kurudi? Je, unatapika? Kama tabibu hajafundishwa kwamba mshipa ni njia panda ya mifumo minne, hana sababu ya kuuliza.

4.0 Limfu: maradhi yenye majina, mfumo usio na jina

Mfano wa mshipa unaonesha neno moja lililotawanyika katika mifumo mingi. Mfumo wa limfu unaonesha hali iliyo kinyume. Pwani ya Lindi, kama pwani nzima ya Tanzania, imeyajua kwa muda mrefu matende na mabusha. Kiswahili kina neno mtoki kwa uvimbe wa tezi za kinena, busha kwa korodani iliyojaa maji, na tende, au matende, kwa mguu uliovimba na kuwa mgumu. Majina haya ni ya zamani, yameenea, na hayahitaji kuundwa upya. Hata hivyo, hakuna mofimu yoyote inayoyaunganisha. Msemaji hana sababu ya kiisimu ya kudhani kwamba tende la mguu wa mama na busha la mjomba yanaweza kutokana na minyoo ileile iliyoletwa na mbu.

Kukosekana kwa kiungo hicho kunaacha nafasi kwa maelezo mengine. Imani iliyoenea pwani kwamba madafu huleta busha inapata nguvu katika lugha: busha huitwa pia ngiri maji, jina linalotaja kilichojaa badala ya kilichosababisha. Anayeamini kwamba maji ya dafu hugeuka kuwa maji ya busha anaufuata mantiki uliomo katika jina.

Hapa mbinu ya mifumo inastahili sifa. Ni mfumo wa limfu, neno la mkopo lisilo na mzizi katika Kiswahili, unaoweza kuyaweka mtoki, busha na matende kwenye ukurasa mmoja na kueleza yanapokutana: mishipa ya limfu iliyoharibiwa, na maji yasiyopata njia ya kurudi. Mwalimu makini ataongeza tahadhari kwamba mtoki hutokea hata kwa kidonda cha mguu, na kwamba si kila mtoki ni dalili ya minyoo hiyo.

Umuhimu wa kiungo hicho unaonekana katika ugawaji wa dawa kwa umma, ulioanzia kisiwani Mafia mwaka 2000 katika mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha. Dawa hizo huitwa kingatiba. Kimofolojia, neno hili ni ambatani ya kinga na tiba, na limeundwa vizuri: ni fupi, linatamkika, na vijenzi vyake vinajulikana. Lakini linamtaka mtu asiye na busha wala tende ameze dawa. Bila kuuona mfumo unaoyaunganisha maradhi hayo na mbu, sehemu ya kinga haina pa kushika, na inabaki tiba ambayo mtu mzima wa afya ana haki ya kuihoji.

5.0 Degedege na mipaka kati ya sura

Mfano wa tatu unahusu mipaka ya mifumo yenyewe. Tafiti zilizofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996, mojawapo ikiongozwa na Winch na nyingine na Makemba, zilionesha jinsi wasemaji wa pwani walivyotofautisha aina za homa, na jinsi degedege ilivyoweza kutenganishwa na malaria na kupelekwa kwa mganga wa jadi, ilhali homa ya malaria ilipelekwa hospitalini. Matokeo hayo yamezoeleka kusomwa kama ushahidi wa upungufu wa elimu ya afya vijijini.

Hata hivyo, tukivifungua vitabu vilivyopangwa kwa mifumo, tunaukuta mgawanyo uleule. Malaria huwekwa katika sura ya damu au ya maradhi ya kuambukiza, na mtukutiko wa mtoto katika sura ya fahamu. Kinachoitenga degedege na malaria kijijini kinaitenga pia darasani, ingawa kwa sababu nyingine. Vimelea vya malaria hupita katika ini, huishi katika chembe nyekundu za damu, na vikizidi huathiri ubongo. Vinavuka mifumo mitatu bila kuheshimu mpaka wa sura yoyote. Mbinu ya mifumo isiyo na marejeo ya kutoka sura moja hadi nyingine haina haki ya kumlaumu mzazi kwa kutenganisha kile ambacho yenyewe imekitenganisha.

6.0 Pendekezo

Kiswahili hakianzi kazi hii mikono mitupu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilithibitisha, kwa redio na vikundi vya kujisomea, kwamba elimu ya afya inaweza kuwafikia watu wengi kwa Kiswahili. Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kitabu cha David Werner, ilianzia kwenye dalili anazoziona mwanakijiji. TUKI ilitoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko mwaka 1992, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kilichobaki ni kuziunganisha njia hizi.

Inapendekezwa kwamba kila sura ya mfumo iwe na tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni istilahi sanifu. La pili ni neno la mgonjwa, likiwa kiingilio kamili na si tanbihi, pamoja na orodha ya mifumo mingine linamotokea. La tatu ni swali la kutofautisha, kama lile la ngiri iliyonasa. Kwa Kipatimu, tabaka la pili litahitaji pia maneno ya Kimatumbi. Uchambuzi wa Odden (1996) wa fonolojia na mofolojia ya lugha hiyo unatoa msingi thabiti wa kuyakusanya na kuyaandika kwa usahihi.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba kuingiza maneno yenye maana nyingi kunadhoofisha usanifishaji, ambao BAKITA imekuwa na jukumu lake tangu mwaka 1967. Pingamizi hilo linachanganya kazi mbili. Istilahi sanifu ni ya kuandikia na kufundishia, na humo kila dhana idumu na jina lake. Neno la mgonjwa ni la kusikiliza. Halishindani na istilahi, kwa sababu haliwekwi mahali pake. Linaelekeza kwake.

7.0 Hitimisho

Mbinu ya mifumo imeonesha katika makala haya kwamba ina uwezo wa kufichua utaratibu na kasoro za istilahi zetu, na wa kuunganisha maradhi ambayo lugha iliyaacha mbalimbali. Imeonesha pia kwamba hufuta maneno yanayovuka mifumo, na maneno hayo ndiyo yanayotamkwa kwanza katika chumba cha tabibu. Kitabu cha istilahi za tiba kwa Kiswahili kitakachoandikwa baada ya hapa kipimwe kwa kigezo hiki chepesi: anayekisoma alitafute neno mshipa, na aone kama amepelekwa kwenye mifumo yote minne.