Afisa Ustawi wa Jamii

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka kila halmashauri ya Tanzania Bara iwalinde watoto wa eneo lake. Anayebisha hodi kwa niaba yake ni afisa ustawi wa jamii, pengine kwa nauli ya mfukoni mwake. Humsikiliza mtoto aliyefanyiwa ukatili bila kumharakisha, humpeleka polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, kisha hospitali, kisha humtafutia pa kulala usiku huohuo, maana huenda mtuhumiwa yuko nyumbani. Ukoo unataka yaishe kimyakimya. Yeye anakataa, anachukiwa, anaandika taarifa ya mahakama. Bado kuna bibi kizee aliyetelekezwa anayemsubiri. Ukijua mtoto anateswa, usimwachie afisa peke yake: piga 116, ni bure.